Walionisindikiza hadi Nyamitanga

Binti yangu wa mwisho alijifungua mtoto wa kiume huko Nyamitanga, Mbarara, na mtoto alizaliwa na nywele nyingi. Habari za nywele nilizisikia kabla ya habari za afya yake, kwa sababu kila aliyepiga simu alianza nazo. "Mama, ni nywele za mutu muzima!" Nikajua kazi yangu imefika.

Katika ukoo wetu, kule Kivu ya Kusini, nywele za kuzaliwa hunyolewa na bibi mzaa mama. Mtoto hatolewi nje ya nyumba kabla hajanyolewa, na hanyolewi jua likishazama. Bibi asipofika, shangazi wa upande wa baba anashika wembe, na huyo ndiye atakayeitwa mnyozi wa mtoto maisha yake yote, mpaka siku ya harusi. Sasa pasta wa huko alikuwa amepanga kumwombea mtoto kanisani Jumapili asubuhi. Maana yake mimi nilitakiwa kufika Jumamosi kabla ya magharibi. Na shangazi alikuwa ameshafika nyumbani kwa binti yangu, tena na wembe wake.

Mtu mwingine angepanda gari. Mimi gari siliwezi. Kabla halijatoka Nakivale, kambi ya wakimbizi ninakoishi hapa Uganda, nimeshatapika, na kesho yake yote kichwa kinazunguka. Mara ya mwisho nilishushwa Mbarara nikalala na viatu. Huwezi kumshikia mtoto mchanga wembe na kichwa cha namna hiyo. Pikipiki ni mambo yaleyale, tena unamkumbatia kijana usiyemjua. Lakini kinga, ndivyo sisi tunavyoita baiskeli, hiyo naiweza. Marehemu mume wangu alinifundisha tukiwa bado kwetu, na hapa kambini ndiyo inayonipeleka Ngarama siku za soko kununua ndizi za kuuza. Mwanzoni wanaume walicheka kuona bibi juu ya kinga. Wakachoka kucheka.

Mwanangu mkubwa hakupenda. "Mama, Ngarama na Mbarara si fasi moja. Kule ni mbali, na milima ni mingi."

"Nimekuuliza milima? Nimekuambia uangalie breki."

Akaangalia breki. Akabadilisha tairi la nyuma, akapaka cheni mafuta, akafunga pampu kwa mpira chini ya kiti. Kila nati aliikaza kama anayefinya sikio la mtoto mtundu.

Siku ya Ijumaa akaja jirani yangu muuza dagaa, rafiki yangu tangu tulipopewa viwanja vinavyopakana. Huyu mdomo wake haujui kupumzika. "We bibi, unaenda kunyoa mutoto ao unaenda kushindana na bazungu?"

"Naenda kunyoa."

"Basi umubebee mama muzazi hii." Akaniwekea mfuko wa dagaa.

Nyuma yake walikuja wengine, maana kwetu mzazi haendewi mikono mitupu, na asiyeweza kwenda hutuma. Wakaleta sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, unga wa muhogo, maharagwe, sabuni, kofia za mtoto zilizofumwa, na kuku mzima. Kuku nilimkataa. Nikasema kuku hajui kukaa kwenye kinga.

"Atajifunza mu njia," jirani akasema, akamfunga miguu. Kuku akaenda.

Jumamosi alfajiri nilitoka nje nikakuta uwanja umejaa. Akina mama wa kwaya, jirani, mwanangu, wajukuu, wote wamekuja kunisindikiza. Ni jambo jema, sikatai. Lakini kwetu anayesindikizwa hapandi kinga wakati wanaomsindikiza wako kwa miguu. Ni dharau. Kwa hiyo nikaisukuma kinga na mizigo yake yote, nao wakanizunguka wanaimba, polepole, kama watu wasio na pa kwenda.

Kwenye kona ya kwanza nikasimama. "Asanteni. Rudini."

"Tukufikishe tu pale pa kuchota maji."

Tukafika pa kuchota maji, tukaomba. "Haya, rudini sasa."

"Tukufikishe pale shuleni."

Shuleni tukaomba tena, na aliyeongoza sala alianzia mbali. Nikafumbua jicho moja, nikaona jua limetoka lote. Amina ilipofika nikawaambia, "Mkinisindikiza namna hii, nitafika mtoto ameshaota ndevu!"

"Basi utamunyoa na ndevu," jirani akasema. "Safari moja, kazi mbili."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka mbele yao. Niliinama kama anayeangalia tairi.

Mwanangu ndiye aliyepata njia. "Mama, panda. Sisi tutakimbia." Nikafikiri kidogo. Dharau ni kuwaacha watu wanatembea. Wakikimbia, hilo sijasikia mtu amelikataza. Nikapanda. Kwaya nzima ikakunja vitenge ikanifuata mbio, vumbi likapanda, wimbo ukakatika katikati kwa kukosa pumzi. Mmoja mmoja wakabaki nyuma, wakajitupa kwenye majani wakicheka. Wa mwisho alikuwa jirani yangu, mkono wake kwenye keria ananisukuma, na umri wake ni kama wangu. "Enda!" akapiga kelele alipoachia. "Mungu akupe magoti!"

Nikaenda. Barabara ya vumbi naijua, na asubuhi ilikuwa ya baridi nzuri. Nilifika Kabingo, palipo na lami, nikiwa bado na nguvu. Hapo nikamkuta mama mmoja aliyewahi kusali nasi Nakivale kabla ya kuhamia huko, amesimama kando ya barabara na chupa ya chai na mandazi ndani ya kitambaa. Jirani alikuwa amempigia simu. Nilikunywa nimesimama. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi, na mandazi bado ya moto. Nilipotaka kupanda akashika usukani.

"Nikusindikize kidogo."

"Hapana, dada. Muda umekwenda."

"Hatua kidogo tu! Nirudi nyumbani niseme nini, kama nilikuona nikakuacha hapohapo?"

Hatua zake kidogo zilitutoa mjini. Aliniuliza habari za kila mtu kambini, waliooa, waliofiwa, waliogombana na kwaya. Nami nilijibu huku naangalia kivuli changu kinavyozidi kuwa kifupi. Nasema ukweli, nilikasirika. Si yeye tu, wote. Nikajiuliza kwa nini watu hawa hawawezi kunipenda wakiwa wamekaa.

Masha ndiko nilikopata jibu. Kuna mlima mmoja kule, mrefu, barabara inapanda bila kukata kona, na nilifika pale jua likiwa utosini. Nikashuka, nikasukuma. Unga wa muhogo ukawa mzito kama jiwe. Nusu ya mlima goti la kulia likakataa. Nikaweka jiwe nyuma ya tairi, nikakaa kwenye majani. Hapakuwa na wimbo, hapakuwa na mtu wa kuniambia tufike pale. Nilikaa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Simu ikalia. Ni binti yangu. "Mama, uko fasi gani?"

"Niko mu njia."

"Shangazi ameshapasha maji."

"Maji ya nini?"

"Ya kunyolea. Anasema jua limeanza kushuka, na mutoto hawezi kuenda kanisani hivi."

"Mwambie yakipoa ayapashe tena," nikasema, nikakata. Lakini goti halikusikia maneno hayo, na nilipojaribu kuinuka nilirudi chini. Hapo nikaogopa kwamba sitafika.

Nyuma yangu ng'ombe walikuwa wanapanda mlima, wale wa pembe ndefu, na mzee Mnyankore mwenye kofia anawachunga. Akasimama, akaniangalia, akamwangalia kuku. "Kaaka," akaniita bibi kwa lugha yao, "wewe nakwenda wapi na mizigo yote hii?"

Nikamweleza, mpaka habari ya wembe. Alisikiliza vizuri, kisha akanimiminia maziwa kwenye kifuniko cha kidumu chake. Nilipomaliza akashika keria. "Wewe shika mbele. Mimi nasukuma."

"Na ng'ombe wako?"

"Ng'ombe najua njia. Wewe ndiyo nakaa chini."

Tukapanda hivyo, mimi kwenye usukani nikichechemea, yeye nyuma, na ng'ombe wametuzunguka kulia na kushoto kama akina mama wa asubuhi, ila hawa hawakuimba. Juu ya mlima nikamshukuru. Nikangoja aseme atanisindikiza kidogo. Siku ile ningemkubalia mpaka Mbarara. Akacheka, akaonyesha mteremko. "Huko hapana. Mimi na kuteremka si rafiki."

Niliteremka. Breki za mwanangu zilishika, lakini sikuzitumia zote.

Nilifika Nyamitanga jua liko juu ya mabati. Mkwe wangu alikuwa njiani ananingoja, akapokea kinga, na mimi nikaingia ndani moja kwa moja na vumbi langu. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, beseni mbele yake, mtoto mapajani, na wembe ameshautoa kwenye karatasi.

"Mukwe, umefika."

"Nimefika."

"Nilikuwa nataka kuanza."

"Naona."

Akainuka, akanipa kigoda. Nikanawa, nikakaa, nikapakatishwa mtoto, nikachukua wembe. Kutwa nzima nilikuwa nimekaba usukani, na sasa vidole havikutaka kukunjuka wala kutulia. Wote chumbani waliona. Nikangoja shangazi aseme nimpe yeye, na angesema, ningempa, kwa maana kichwa cha mtoto si cha kufanyia ubishi.

Alipiga magoti kando yangu, akashika kiwiko na kifundo cha mkono wangu kwa mikono yake miwili, kwa nguvu, kama unavyomshika mbuzi anayetaka kukimbia. "Kata," akasema. "Mi nashika tu."

Nikakata. Binti yangu alishika kichwa, mkwe wangu akatumulikia kwa simu, na nywele zile nyingi zikaanguka kwenye beseni. Mtoto alilala muda wote. Tulipomaliza, dirishani mwanga ulikuwa bado upo.

Kesho yake kanisani pasta akauliza nani amemnyoa mtoto huyu vizuri hivi. Shangazi akanionyesha mimi. Mimi nikamwonyesha yeye. Pasta akatuita mbele sote wawili, na ilibidi shangazi anivute kwa mkono, maana magoti yangu yalikataa kunyooka.