Pampu Inywe Kwanza

Bomba la jikoni hapa mjini, mtaa wa Hillbrow, limekauka tena, linapumua harufu ya kutu, nami nakumbuka kisima cha mizimu kijijini kwetu. Kilikuwa kimefungwa pampu ya mkono, lakini bado tulivua viatu na kupiga hodi. Pampu ile haikutoa maji mpaka kwanza uimwagie maji.

Siku chache baada ya kumzika mama, nilifika pale na kikombe kimoja tu cha maji, mdogo wangu mgongoni akiungua kwa homa.

"Dada, nipe mimi!"

"Pampu inywe kwanza."

"Pampu haina homa!"

Nikamimina yote. Nikasukuma mpini mtupu, nikiiomba mizimu, nikimwomba Mungu, nikimwomba mama.

Maji yalipokuja yalikuwa mekundu kwa kutu. Akanywa viganjani mwangu, akasema, "Matamu."