Wimbo wa Mlangoni Katika Kishikwambi cha Sabiha

Jumatatu, tarehe 13 Januari 2025, shule ilipofunguliwa, daftari la mahudhurio la darasa la tano katika shule moja ya msingi jirani na Mlingotini lilikuwa na majina arobaini na matatu. Mbele ya majina kumi na tisa pana alama ndogo ya penseli. Hao ni watoto walioruhusiwa kuja na vishikwambi vyao wenyewe kwa ajili ya masomo. Jina la nne kati yao ni la Sabiha Mikdad, mjukuu wa Bi Hajra.

Kishikwambi kilinunuliwa na baba yake mtoto, Mikdad, anayefanya kazi Dar es Salaam. Bi Hajra alikipokea kwa mikono miwili, akakishonea mfuko wa kipande cha kanga, na kila jioni akawa anakifungia ndani ya kasha lake.

"Chombo cha mtu ni cha mtu," alimwambia Sabiha. "Asikiguse mwingine."

"Bibi, shuleni tunaviweka vyote mezani kwa mwalimu."

"Kuweka mezani si kupeana."

Bi Hajra, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, hulima mwani. Hata hivyo, heshima yake kijijini haikutokana na mwani, bali na ukungwi aliourithi kwa mama yake. Msichana akivunja ungo huwekwa ndani na kufundwa na kungwi, ambaye tangu hapo humwita somo, na siku ya kutolewa kungwi humwimbia wimbo mmoja, uitwao wa mlangoni, mlango ukiwa umefungwa, mbele ya wanawake waliochezwa tu, yaani waliokwisha kupitia unyago huo. Mwanamume hausikii, wala mtoto. Kila mwari huapa kuutunza, na kwa sababu hiyo maneno yake hayaandikwi hapa. Kwa miaka thelathini na mmoja Bi Hajra aliwatoa wari sabini na wawili. Alibakiwa na shauku moja: kumtoa Sabiha kwa mkono wake kabla Mwenyezi Mungu hajamwita.

Miongoni mwa wari wale sabini na wawili alikuwamo Wahida, ambaye sasa ni Mwalimu Wahida wa darasa la tano.

Alasiri moja ya mwezi wa Machi, Wahida alipiga hodi.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Umenikumbuka leo, au umepotea njia?"

"Njia ya kwako naijua hata nikifumbwa macho."

"Lazima uijue. Si nilikuleta nimekufunika kanga gubigubi, ukanikanyaga kidole?"

Wakacheka. Wahida alieleza kwamba amewapa watoto wenye vishikwambi kazi ya kurekodi mkubwa mmoja wa nyumbani. Sabiha alikwisha kumrekodi bibi yake akieleza namna ya kufunga mbegu za mwani kwenye kamba, na darasa zima lilisikiliza kwa utulivu. Kisha mwalimu akashusha sauti.

"Somo, na ule wa mlangoni?"

"Ule hauingii shuleni."

"Sisemi shuleni. Mimi si nimeapa? Nasema uwe kwangu, usije ukapotea. Simu yangu imejaa, nitaipunguza usiku. Turekodi kwenye cha Sabiha, kesho nikichukue, niuhamishe, nifute."

Tangu mwezi wa Rajabu kifua kilikuwa kikimsumbua Bi Hajra, na katika sherehe ya mwisho ubeti wa nne ulimponyoka akiwa amesimama mbele ya wanawake. Wahida ndiye aliyemwokoa siku ile, kwa kumnong'oneza neno la kuanzia. Mtu aliyekusitiri namna hiyo humwambii kwamba humwamini.

Akamtuma Sabiha dukani kununua chumvi, akafunga mlango, akaimba. Wahida alilia. Chozi lile Bi Hajra alilichukua kuwa dhamana.

Alhamisi, tarehe 15 Mei, ilikuwa siku ya wazazi. Vishikwambi kumi na tisa vilipangwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, mbele ya wageni, wazee wa kijiji na wazazi. Watoto walisoma hadithi, wakaonyesha hesabu. Hatimaye Mwalimu Wahida akachukua kimoja, akakiunganisha na spika.

"Na huu," alisema, "ni urithi wetu."

Sauti ilipotoka, Bi Hajra aliuziba mdomo wake kwa kiganja, maana kwa nukta moja alidhani ni yeye anayeimba pale alipoketi. Wanawake waliochezwa waliinuka mmoja baada ya mwingine na kuondoka. Wazee wa benchi la mbele waliinamisha vichwa. Sabiha aligeuka kumtafuta bibi yake, uso umemjaa fahari. "Bibi, ni wewe!"

Wageni walipiga makofi. Mmoja akauliza kama anaweza kuupata wimbo ule, na mwalimu akajibu kwamba amekwisha kuuweka kwenye vishikwambi vyote kumi na tisa, watoto wajifunzie.

Bi Hajra alimsubiri nyuma ya darasa.

"Umefanya nini, Wahida?"

"Somo, wamekusifu."

"Waliosifu si wa kwetu. Wa kwetu wameondoka, nawe uliwaona wakiondoka, hukuuzima."

"Nilitaka watoto wajue kwamba na sisi tuna kitu."

"Uliapa."

"Niliapa nisiuimbe. Sikuuimba."

Jumapili makungwi walikutana nyumbani kwa Bi Zuleha, mkubwa wao, na Wahida akaitwa. Mila yao katika jambo hili haina maelezo mengi. Kungwi aliyelitoa neno la ndani huvuliwa ukungwi wala haingii tena mlango unapofungwa, ila ikiwa mwari ndiye aliyelitoa, mwari hutengwa na kungwi hubaki. Tena mwari huanza kusema mwenyewe kosa lake, somo wake asije akalazimika kumshitaki.

"Aliyeupiga tulimwona. Lakini nani aliutoa ndani ukaingia chomboni?" aliuliza Bi Zuleha.

Bi Hajra akamwachia mwari wake aanze, kama mila ilivyotaka, akamtazama Wahida.

"Bi Hajra aliurekodi mwenyewe," alisema Wahida, macho yakiwa mkekani, "kwenye chombo cha mjukuu wake. Mimi niliukuta humo."

Hakusema "somo". Alisema "Bi Hajra".

"Kumbe kungwi wetu siku hizi anajirekodi kama mwimba taarabu," alisema mmoja, na wawili watatu wakacheka.

"Hajra, ni kweli ulirekodi?" aliuliza Bi Zuleha.

"Niliimba mimi."

"Ukiwa peke yako?"

Jibu lilikuwa fupi, na lingemwokoa. Bi Hajra alimngojea tena Wahida, kwa kadiri ya mtu kumaliza kikombe cha kahawa. Wahida hakuinua macho.

"Huyu nilimfunda mimi," alisema hatimaye. "Kama hivi ndivyo alivyofundika, basi nivueni."

Wakamvua.

Mwezi wa Desemba Sabiha alitolewa, na kungwi wake alikuwa Bi Zuleha. Bi Hajra alikaa uani akimenya vitunguu saumu vya pilau pamoja na wasichana ambao hawajachezwa, wakashangaa kumwona kati yao. Mlango ulipofungwa, mmoja akamwuliza, "Bibi, wewe huingii?"

"Leo siingii."

Wahida alikuwamo ndani.

Kati ya watoto kumi na tisa, kumi na mmoja wamesema kwamba wameufuta wimbo. Wanane hawajasema lolote. Haijulikani umefika wapi kutoka kwa hao wanane. Haijulikani kama siku ile ya Machi, alipokuwa akilia, Wahida alikwisha kuamua. Wala haijulikani ni wimbo gani Sabiha aliimbiwa mlangoni, kwa kuwa waliokuwamo hawasemi, na Bi Hajra hajauliza.