Gunia Lililogeuzwa Ndani Nje

Mama Chilufya Mwaba anauza makala, yaani makaa ya kupikia, mtaani Kasungami, na hanunui gunia bila kuvunja kipande. Anakitoa katikati, si juu ambako wachomaji hupanga yale mazuri, anakivunja karibu na sikio, kisha anakinusa. Makala ya mti wa mutondo hulia kama kigae. Ya mubanga, hata kuyavunja ni kazi. Mimi, Ruben, namletea makala kwa baiskeli, huu ni mwaka wa kumi na moja, na yeye ndiye aliyenifundisha. Siku moja sikuvunja. Nikiikumbuka siku hiyo, mate hunijaa mdomoni, machungu.

Mama alizaliwa chini ya Mlima Kapoya, safari ya siku nzima kwa lori. Kwenye bonde la mlima ule kuna mushitu, msitu mzito wenye maji, usiokauka hata mwezi wa tisa. Ndani yake wanaishi mbega, kima weusi wenye manyoya meupe mabegani na mkia mrefu. Zamani walikuwa katika kila bonde. Sasa wamebaki lile moja. Machifu wamezikwa humo, kwa hiyo mtu akifika ukingoni anavua viatu, anapiga makofi mawili taratibu, ndipo anaingia, na hakati kitu. Kwao ukoo unafuata mama, na neno la mushitu, yaani kauli ya mwisho juu yake, liko kwa binti mkubwa. Dada zake wakubwa wawili wamekufa. Neno limebaki kwa muuza makala wa Kasungami.

Watu humcheka kwa hilo. Mteja mmoja alimwambia, "Mama, unauzaka miti na unalindaka miti. Iko namna gani?"

"Na wewe unafugaka kuku na unakulaka kuku," akajibu. "Beba makala yako, uende."

Kisha akaja Musiye Symphorien, bwana aliyekulia mtaa wa Makomeno na sasa ana nyumba kubwa Golf, kwa matajiri. Alikuwa ameunda chama cha kulinda mbega, na kila mtu wa chama alivaa tisheti yenye sura ya mbega kifuani. Alimletea mama kitenge. Alimwita mama wa mushitu. Alisema kuna wageni walio tayari kusaidia, ila wanataka karatasi: chama kipewe ulinzi wa mushitu kwa miaka ishirini na mitano, na mwenye neno atie kidole cha wino kuthibitisha kwamba mushitu uko mzima. Bila kidole cha mama, karatasi si kitu. Alituonyesha pia magunia meupe ya kubebea miche ya kupanda mlimani, nayo yamechapwa sura ile ile ya mbega.

Mama hakuwa amepanda mlima kwa miaka minne, kwa sababu ya magoti. Alimwamini. Hata mimi nilimwamini. Nilikuwa na masizi mpaka kwenye viwiko, na Symphorien alinishika mkono bila kujipangusa. Nikasema, huyu ni mtu.

Wiki ya kutia kidole mvua ilinyesha kila siku na makala yakawa haba. Barabarani nje ya Kasungami nikakuta lori, na dereva mmoja, Dieumerci, akishusha magunia yaliyoshonwa mdomo, majani yamefunika juu. Nikanyoosha mkono nitoe kipande.

"Ni mutondo, papa," alisema kwa sauti. "Unavunja nini na mvua iko inakuja? Bantu bako banangoja."

Watu walikuwa wananitazama. Mimi mtu akinipazia sauti mbele ya wengine, nakubali haraka ili amalize. Nikafunga magunia matatu kwenye baiskeli, nikaondoka.

Mama alivunja kipande cha kwanza. Hakikulia. Kilisagika kama mkate mkavu, na harufu yake ilikuwa kali, ya majani yaliyooza. Akavunja cha pili. Akamwaga gunia lote chini.

"Ruben, uliivunja hii makala?"

"Hapana, mama."

"Tangu lini unanunuaka bila kuvunja?"

Nikainama, nikaanza kuokota vipande.

"Hii si mutondo. Huu muti unamea tu mu mushitu, karibu na maji. Nilikuwa nacheza chini yake, nikiwa mutoto."

Akaliinua gunia tupu kulikung'uta. Kwa nje lilikuwa jeupe. Ndani kulionekana wino. Akaligeuza, na mbega akatutazama, macho yake yamejaa masizi.

Hakulia. Alitema mate pembeni, akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, akanawa mara ya tatu. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikatapika bukari, ugali wote wa mchana. Makala yenyewe yalikuwa mabovu, hayawezi hata kuchemsha maharage. Walikuwa wamewaharibia mbega nyumba yao kwa takataka ile.

"Kesho utaenda na miye Golf," mama alisema. "Utasema ulinunua wapi."

"Mama, miye sijui kusema mbele ya bantu."

"Hata miye sijui kuandika. Tutajaribu wote wawili."

Kesho yake, nyumbani kwa Symphorien, tulikuta meza barazani, kitambaa cheupe juu yake, na karatasi. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya karatasi alikuwa mwanamke mmoja mwenye kofia, aliyejua Kiswahili cha mbali, cha pwani. Estelle, karani wa chama, alishika kidau cha wino. Symphorien alikuwa anasema mbega ni ndugu zetu wadogo, na aliposema hivyo akaweka mkono kifuani, juu ya ile sura. Nyuma yake, uani, mbuzi alikuwa anachomwa. Cheche ziliruka kila mara, na ile harufu ya majani yaliyooza ilipanda pamoja na harufu ya nyama. Aliyekuwa anaongeza makala motoni alikuwa Dieumerci.

"Kidole hapa, mama," Estelle alisema.

Mama akavua viatu. Symphorien akacheka. "Mama, acha tu, sakafu itapigwa deki."

Mama akapiga makofi mawili taratibu. Kisha akatoa lile gunia ndani ya kitenge chake, akalitandaza juu ya karatasi, masizi na yote.

"Prezida wa chama, nilizani mushitu uko kule ku mulima. Kumbe uko hapa kwako, unachoma mbuzi."

"Gunia zinaibiwaka, mama. Zinazunguka muji muzima." Akanitazama. "Nani amekudanganya? Huyu wa kinga?"

Kinga ni baiskeli. Wote wakageuka. Masikio yangu yaliwaka moto. Nilimtazama mbuzi kwa sababu sikuweza kutazama watu.

"Nilinunua kwa huyu," nikasema, nikimnyooshea Dieumerci kidole. "Magunia matatu. Alisema ni mutondo."

Dieumerci akaweka koleo chini. "Miye ni shofere tu, papa. Naleta kile natumwa."

Symphorien akashika pindo la kitambaa cha meza akajipangusa mkono, ule ule alionishika nao, ingawa haukuwa na kitu. "Mama, tia kidole kwanza, tutaongea nyuma. Ukikataa, nani atalinda mbega?"

"Batalindwa na kukosa wewe."

Yule mgeni akaivuta karatasi chini ya gunia, akaikunja. "Mama, naweza kwenda kuona?"

"Twende. Lakini bila huyu."

Mvua ilituchelewesha, tukafika Kapoya siku ya tatu. Mama alipanda akiniegemea bega. Upande wa barabara bonde lilikuwa jeusi, visiki bado vibichi, na tanuru nne zilikuwa zinafuka. Miche ilikuwa pale, imepangwa mistari ndani ya plastiki zake, imekauka. Hakuna hata mmoja uliokuwa umeshushwa ardhini. Nilitema mate mpaka mdomo ukakauka. Ng'ambo ya kijito mushitu ulikuwa bado umesimama.

Mama akavua viatu. Nami nikavua. Akapiga makofi. Tukangoja mpaka majani yakatikisika juu, na mgeni akahesabu polepole: mbega tisa.

Kisha mgeni akatoa kalamu, akauliza kama mama angekubali karatasi nyingine, ya ulinzi wa kijiji chenyewe.

"Andika kwanza kile tunaona," mama alisema.

"Niandike mushitu uko namna gani?"

Mama alitazama upande mweusi, kisha ng'ambo. "Nusu. Andika nusu."

Mgeni akaandika. Mama akajipaka wino wa kalamu kidoleni, akatia kidole, akaufuta uliobaki kwenye kisiki.