Ishinge ya Mama Assia

Kila asubuhi Mama Assia hung'oa unyasi mmoja wa ishinge na kuuzungusha kidoleni. Siku usipovunjika, anaanza kuvuna. Husukia vikapu majani hayo, yanayoota kando ya barabara yetu ya Kinanira bila kumwagiliwa na mtu.

Jirani yetu Audace ana bustani ya nyasi za paspalum inayokunywa maji kuliko ng'ombe. Jumamosi alileta vibarua wakafyeka ishinge yote, ikiwa bado haijakomaa.

"Pole, maman. Ile ni majani ya pori tu. Barabara inapashwa kuwa propre, safi."

"Propre kama kichwa yako," Mama Assia alimjibu, maana Audace hana hata unywele mmoja.

Jumatatu mtu huyo akarudi akitabasamu. Binti yake Chanelle anaposwa, naye anataka vikapu sita, "vya ishinge kabisa, vile vya bakoko, vya mababu!" Audace ana digrii mbili. Jina la ishinge analijua, lakini majani yenyewe hajawahi kuyatazama, hata alipokuwa akiyafyekesha.

Alipoondoka nilimuuliza Mama Assia kama atamsukia.

"Apana. Ishinge amekata yote. Nitasuka na nini?"