Tulipokwenda Kumtafuta Tembo Wakati wa Masika

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka hata nikiwa sitaki: Idi Pili ya mwaka niliokuwa kidato cha pili, nyumbani kwetu Kiembe Samaki, nimesimama mlangoni na sinia la visheti mkononi na neno moja kooni lililokataa kutoka.

Nakuita mwanangu, na usicheke. Mimi nina miaka kumi na saba na wewe tisa, lakini mama yako ni dada yangu wa tumbo moja, na kwetu mtoto wa dada ni mwana. Haki ninayo. Kusema mbele za watu ndiko siwezi, unanijua. Nikiitwa darasani, "naam" yangu husikiwa na aliyekaa ubavuni tu. Juzi uliniuliza mbele ya wageni, "Mama mdogo, mlipokwenda bara, tembo mlimwona?" Nikajifanya naitwa jikoni. Hakuna aliyeniita. Nilikwenda nikasimama mbele ya friji mpaka mkabadilisha mazungumzo. Basi jibu lako nakuandikia humu daftarini, ulisome pole pole.

Bibi Mize, aliyemzaa mama yetu, ni mtu wa Jambiani, na kazi yake tangu ujana ni mwani. Hakuwahi kuvuka kwenda bara hata siku moja. Alikuwa na hamu moja tu ya dunia, nayo hakuificha: amwone tembo. Nilimuuliza kwa nini tembo na si simba, akanambia, "Nasikia ni mkubwa na hana makuu. Wakubwa wa namna hiyo huku kwetu sijawaona bado." Akacheka mpaka akakohoa.

Mwaka ule daktari akamwambia ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwenda, la kulia linamegwa kidogo kidogo. Dawa itachelewesha, haitarudisha kilichopotea. Mwaka huu utaona, alisema, mwakani siwezi kukuahidi. Ndipo mjomba Khamis, mwanawe wa mwisho, akasema, "Mama, tembo utamwona. Nshasema." Mjomba anafanya kazi hotelini na likizo yake ni moja kwa mwaka. Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye msomi wetu, jografia unasoma, simu unayo. Panga wewe."

Nilifurahi vibaya, mwanangu. Mtu asiyesema hapewi kazi kila siku, na akipewa huona amekuwa mtu.

Sasa sikiliza kosa letu, maana ni kosa la watu wa kisiwani hasa. Sisi safari tunaipanga kwa sikukuu na kwa maji. Siku za bamvua bahari hutoka mbali, na Bibi lazima aingie kwenye mwani wake. Siku za maji mafu, bahari isipotoka mbali, hana kazi, na ukimwambia asafiri ataondoka. Idi huja na mwezi mchanga, na mwezi mchanga ni bamvua. Nikahesabu siku saba mbele, nikakuta maji mafu, skuli imefungwa, na mjomba yuko likizo. Vyote wiki moja! Nikaona Mungu mwenyewe kanipangia. Kwamba wiki hiyo imeangukia katikati ya masika nililiona, sisemi sikuliona. Lakini nilijiambia mnyama hula majani, na penye majani mengi ndipo penye wanyama. Mbona ng'ombe wa Jambiani masika ndiyo hunenepa? Kila mtu aliulizwa siku zake. Tembo hakuna aliyemuuliza zake.

Siku tatu kabla ya Idi nikampigia dereva wa Mikumi atakayetupokea. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi ili nisigugumie. Akanisikiliza, kisha akasema, "Dada, mwezi wa nne ni masika. Majani yanampita mtu kimo, na vidimbwi vimejaa kila mahali, mnyama hana sababu ya kuja bwawani kunywa. Yupo, ila humwoni. Njooni mwezi wa saba au wa nane. Majani yamelala, maji yamebaki bwawani tu, watakuja wenyewe kuwaamkia."

Nikamwambia bibi yetu haoni vizuri.

"Basi ndiyo kabisa. Huyo mleteni kiangazi."

Nikakata simu. Nikajua. Na kujua, mwanangu, si kusema.

Idi Pili nyumba ilijaa. Bibi alikuja kutoka Jambiani na viatu vipya vya raba alivyonunua kwa ajili ya mbugani, akawa anavionesha kila anayeingia. Jirani yetu Bi Zuhura akamtania, "Mize, na tembo akikukimbiza?"

"Anikimbize mimi na magoti haya? Atanikuta nimekaa, atapita zake."

"Usije ukamwambia akubebee mwani tu!"

"Nitamwambia. Wewe hutaki kunibebea."

Watu wakacheka. Mjomba akainuka akasema safari ni wiki ijayo, na aliyeipanga yote ni huyu hapa bubu wetu. Macho yote yakanielekea mlangoni. Wengine wakapiga makofi. Mama akasema, "Haya, wewe, wasimulie watu, safari ikoje?"

Hapo ndipo pa kusema. Sentensi moja tu: nimekosea, dereva kasema tungoje kiangazi. Nilihisi masikio yananiwaka. Niliona makofi yatakavyokatika, niliona uso wa mjomba mbele ya wageni, nikaona viatu vile vya raba. Nikasema, "Imekaa sawa."

Nikapitisha visheti.

Na bado nilikuwa na wiki nzima. Sitaki udhani nilikosa nafasi. Kila siku nilijiambia nitamwambia mjomba akirudi msikitini, nitamwambia mama tukiosha vyombo. Nilikuwa nikiomba dua mvua isinyeshe, kama kwamba Mungu atabadilisha masika ya watu wote kwa ajili ya haya zangu mimi.

Ilinyesha. Tulikuwa Mikumi siku mbili, na njia za ndani nyingi hazipitiki, udongo mweusi unanasa magurudumu. Kulia majani, kushoto majani. Tuliona swala wawili na nyani kadhaa waliolowa. Bibi alikaa mbele, uso kaubandika kiooni, na kila dereva akipunguza mwendo alikuwa akinyanyuka kidogo kwenye kiti.

Siku ya pili dereva akasimama. "Bibi, tazama kulia, pale kwenye mti mkavu. Twiga!" Sisi tulimwona, kichwa tu na shingo, juu ya majani, mbali.

Bibi aligeuza uso kushoto. Akatabasamu. Akasema, "Naam, nimemwona. Mashaallah."

Dereva, masikini, akataka kumpoza. "Usijali, bibi. Huu si msimu wa kumwona tembo. Ndiyo maana nilimwambia huyu dada aliyenipigia, mje kiangazi."

Mjomba akanigeukia polepole. "Alikwambia?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Kabla ya Idi."

Alifungua mdomo, na naapa nilitaka anipige. Bibi akamshika mkono. "Khamis. Si mbele ya dereva wa watu."

Mchana, kibarazani kwa nyumba tuliyofikia, mvua inapiga bati, Bibi alinikalisha karibu yake na sahani ya wali. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Uliona haya."

"Ndiyo, Bibi."

"Haya za nani? Za watu waliokuja kula visheti wakarudi makwao?" Akatafuna kwanza, akameza. "Mwana weye, mimi kazi yangu ni kungoja. Miaka yote nangoja maji yatoke, nangoja mwani ukue, mwaka mwingine unaoza nangoja tena. Ungenambia, Bibi, ngoja miezi mitatu, ningengoja naimba. Kungoja hakujanishinda mimi. Lakini umekaa peke yako ukaniamulia, na mwenye macho ni mimi." Kisha akasema, "Mficha uchi hazai," akavuta sahani yake. Hakulitaja tena jambo lile mpaka leo.

Mwezi wa saba dereva, mtu mwema yule, alinitumia picha. Ardhi kavu ya rangi ya biskuti, bwawa limebaki duara dogo, na tembo tisa wamesimama wanakunywa, na mtoto wao mmoja chini ya tumbo la mama. Wamesimama karibu na barabara kiasi kwamba mtu angeweza kuhesabu mikunjo ya masikio. Likizo ya mjomba ilikuwa imeshaliwa. Nilikuwa Jambiani siku hiyo, nimekaa na Bibi anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, na jicho la kulia lilikuwa bado linaona; nilimtazama akifunga mafundo bila kukosea. Picha ninayo mfukoni. Ningeweza kumwekea simu karibu na uso.

Sikumwonesha. Niliona haya kwa mara ya pili.

Vuli ilipokuja alikuwa anauliza ni nani aliyeingia. Sasa hivi watoto wa jirani humkalia miguuni awahadithie bara, naye huwaambia alimwona twiga, shingo ndefu, kwenye mti mkavu. Mimi hukaa pale pale nikanyamaza. Watu husema majuto ni mjukuu. Kwa Bibi Mize mjukuu mwenyewe ni mimi.

Basi mwanangu, nasaha zangu ni hizi, na nimezilipia. Ukitaka kwenda mbugani, usianze na sikukuu yako wala likizo yako. Anza na msimu wa mnyama. Kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa kumi, majani yako chini na maji ni haba, atakuja machoni pako. Masika mbuga ni nzuri, ya kijani, lakini si ya mtu mwenye jicho moja linalozimika. Muulize anayeishi huko, na akikujibu usilotaka, libebe jibu lake mpaka nyumbani ulifikishe kwa wenyewe siku ile ile. Nyumba ikiwa imejaa, sema. Wakikucheka, wacheke. Kama sauti haitoki, andika kwenye karatasi umpe mtu mkononi. Mimi hata hilo halikunijia, na kuandika ndiko ninakokuweza. Usimwamulie mtu kwa kimya chako jambo ambalo yeye mwenyewe angelichukua vingine.

Mungu akufungulie kinywa mapema kuliko alivyonifungulia mimi. Akupe watu wa kukupenda hata siku ukiwaambia umekosea, na hao unaowapenda awabakishie macho mpaka uwe umeshawatimizia. Amin.