Suzhen Aliyekubali Kufa Chali

Ni saa tatu asubuhi na Qiao Suzhen amekwisha kufa mara mbili. Mara ya kwanza upanga haukumfikia. Mara ya pili ulimfikia barabara, lakini askari aliyesimama nyuma ya muuaji alikuwa anatafuna. Sasa anapanda tena ngazi za jumba la kifalme, anakamua pindo la vazi lake la mfuaji nguo wa binti mfalme, na kusubiri kuuawa upya. Mvua inayomlowesha ni ya kukodi. Inatoka katika lori la maji lililoegeshwa nyuma ya lango la mashariki, na hutozwa kwa saa.

"Dada Qiao, safari hii anguka upesi!" anapaza sauti Pan Dehai, kiongozi wa kundi lao. "Maji yanatumaliza!"

"Mimi niko tayari tangu alfajiri, Kaka Pan. Mwambie yule kijana amalize kifungua kinywa chake."

Upanga unashuka na Suzhen anaanguka. Anaanguka kama wanavyoanguka wote waliokomaa katika kazi hii hapa Hengdian, mji wa studio za filamu mashariki mwa China: kifudifudi, uso umezikwa ndani ya mkono, kisogo kimeelekezwa kwenye kamera.

Si haya wala si woga. Mwigizaji wa ziada aliyekufa bila kuonekana uso anaweza kuinuka, kubadilisha maleba, na kesho yake akarudi katika tamthilia ileile akiwa mbeba maji au muuza samaki. Aliyenaswa uso na kamera amekufa kweli; mpaka tamthilia ile ikamilike, hana kazi ndani yake. Kwa hiyo mgeni wa mji huu hujulikana kwa kufa chali. Hutazama mbingu, hupendeza sana, na kesho yake hulala njaa.

Waswahili husema kufa kufaana, na ni shida kupata mji mwingine ulioutekeleza usemi huo kwa uaminifu kama huu. Kwa saa kumi za kazi Suzhen hulipwa takriban yuan mia na thelathini, kabla kiongozi wa kundi hajakata fungu lake. Siku akiuawa, huongezewa bahasha nyekundu yenye yuan kumi za kuondoa nuksi, na mila inataka fedha hizo zitumike kabla mtu hajafika nyumbani. Wauza maandazi ya mvuke waliojipanga nje ya lango la studio hawaonekani kuogopa nuksi yoyote. Wawili kati yao wamejenga ghorofa.

Suzhen ana umri wa miaka arubaini na mitano, na hakuja hapa kutafuta umaarufu. Alikuja kuleta nguo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa fundi cherehani katika karakana ya huko kwao iliyoshona maleba ya askari wa kale, na siku moja, miaka sita iliyopita, alitumwa kufikisha mzigo wa kanzu. Jeshi lilikuwa limepungukiwa na mtu mmoja. Msimamizi alimtazama Suzhen, akaitazama kanzu ya juu kabisa kwenye furushi, na hakutaka kusikia habari nyingine.

"Nilivaa kanzu niliyoishona mwenyewe," anasimulia. "Kwapani ilibana. Nikasema, kumbe hawa askari wote walikuwa wanateseka kwa sababu yangu! Nikasimama pale na mkuki, nikaanza kujiuliza huyu mtu ni nani, mama yake yuko wapi, nani anamshonea nguo mbovu hivi. Jioni waliponiambia nivue, sikutaka."

Tangu siku hiyo hajawahi kucheza mtu asiye na historia. Kila maiti wake ana jina, kijiji, na jambo alilokuwa akilifikiria upanga ulipomfika. Pan Dehai, mwanamume wa miaka hamsini ambaye naye aliwahi kuota ndoto za uigizaji akazizoea kama mtu anavyozoea jino bovu, huliona jambo hili kuwa matumizi mabaya ya nguvu.

"Umekufa, Dada," humwambia. "Maiti hana mawazo. Ningekuwa na maiti wenye mawazo kundi zima, wangeniomba nyongeza."

Anachokitaka Suzhen ni kusema. Waigizaji wa ziada wanaoruhusiwa kusema huingizwa katika daraja la peke yake baada ya mtihani mbele ya majaji, na malipo yao huanzia mara tatu ya malipo ya wasiosema. Suzhen amefanya mtihani huo mara tatu. Uso wake ulipita. Lafudhi yake haikupita. Ni ya Dingxi, katika mkoa wa Gansu, ambako watu hulima viazi na kutamka maneno kana kwamba nayo yanang'olewa ardhini.

"Waliniambia nikinyamaza ninafaa sana," anasema, bila uchungu unaoonekana.

Muda nao unakwisha. Mumewe, Kou Wanshan, ana duka dogo la tambi huko Dingxi, na kwa miaka sita amelihudumia peke yake, akipika, akiosha vyombo na kugombana na wateja kwa mikono miwili ileile. Mwanzoni mwa mwaka huu, siku ya mwisho ya Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, yaani Mwaka Mpya wa Kichina, waliafikiana mezani: ikiwa itafika sikukuu nyingine Suzhen hajasema hata neno moja ndani ya tamthilia, atafungasha mizigo na kurudi dukani moja kwa moja. Leo imebaki miezi mitatu.

Hali ya biashara haimsaidii. Tamthilia hii ilipangwa iwe na sehemu arubaini. Wanunuzi wakapunguza dau, zikabaki ishirini na nne. Wenye fedha wamehamia kwenye tamthilia fupi za simu, zinazorekodiwa kwa wiki moja katika sebule ya kukodi, ambamo watu hupigana makofi badala ya panga na hakuna umati wa kuua. Zamani kasri hili lilitekwa na watu mia tatu. Sasa linatekwa na sitini, nao hufa kwa zamu.

Ndiyo maana kinaeleweka kinachotokea muda mfupi kabla ya saa sita, msaidizi wa mwongozaji anaposhuka ngazini na kuita:

"Nahitaji maiti mwenye uso! Binti mfalme atapita hapa, amfumbe macho. Nani yuko tayari?"

Maiti sitini wanaendelea kuwa maiti kwa bidii ambayo haikuonekana wakati wa kurekodi.

Suzhen ameandikiwa siku kumi na moja zaidi katika tamthilia hii: kesho ni mpishi, keshokutwa ni mtu wa sokoni. Siku hizo ndizo kodi ya chumba chake na karibu mkate wote wa mwezi. Analijua hilo kuliko mtu yeyote aliyelala pale. Anageuka, taratibu, analala chali.

Baadaye anaeleza kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. "Yule mfuaji asingekufa akitazama mawe. Amemfulia binti mfalme nguo tangu akiwa mchanga. Angegeuka amwone kama ametoka salama. Nilikuwa naye tangu asubuhi, namjua. Kumlaza kifudifudi ingekuwa kumsingizia."

Wanarekodi mara nne. Mara nne maji ya lori yanamwingia machoni, na mara nne macho yale hayapepesi mpaka vidole vya binti mfalme vinapoyafumba. Mwongozaji, mtu asiyezoea kumwaga sifa, anatazama skrini yake kwa muda.

"Huyu maiti ni mzuri," anasema. "Bahati mbaya amekufa."

Chakula cha mchana ni wali, kabichi na vipande viwili vya nyama ya nguruwe. Pan Dehai anamjia Suzhen na sanduku lake la chakula mkononi, amevimba kwa hasira.

"Siku kumi na moja! Umezimwaga kama maji ya kuoshea miguu! Miaka sita nakufundisha kufa, miaka sita, halafu unakufa kama mtoto wa jana!"

"Kaka Pan, alihitaji kuona."

"Nani?"

"Mfuaji."

Pan anafumba macho kidogo, kama mtu anayeomba subira kutoka mahali fulani. Kisha anachukua yai lake lililopikwa kwa chai na kulitumbukiza katika sanduku la Suzhen. "Kula. Marehemu hana akili, lakini tumbo analo."

Angependa mtu kuandika kwamba kilichofuata kilitokana na kipaji. Ukweli hauruhusu. Kulikuwa na mwigizaji mwingine, afisa wa kasri, ambaye ndiye angemfichulia binti mfalme ni nani aliyewafungulia adui lango. Tukio lake lilihitaji siku mbili na chumba chenye mishumaa mia. Asubuhi hiyo afisa huyo alipata kazi yenye malipo bora katika tamthilia ya simu, akaondoka na ndevu zake. Mtayarishaji akapiga hesabu. Mwandishi, aliyekuwa amejifungia hotelini, akapigiwa simu, na kabla wali haujapoa ikaonekana kwamba njia nafuu kuliko zote ni mfuaji kuwa hajafa sawasawa.

"Wewe mwenye macho," msaidizi wa mwongozaji anamwita Suzhen. "Unaweza kusema?"

Anapewa maneno haya: "Lango amelifungua mjomba wako. Usirudi ndani. Kimbia." Malipo ni yuan mia nne.

Anarudi ngazini. Binti mfalme anapiga magoti, mkono wake unashuka kuelekea yale macho, na macho yanamgeukia. Suzhen anavuta pumzi moja ndefu iliyokwama katikati, kama ndoo inayogonga ukuta wa kisima, kisha anasema. Maneno ya kasri yanatoka na udongo wa Dingxi. Hakuna anayemkatiza. Wanarekodi mara mbili, mwongozaji anaitikia kwa kichwa, na lori la maji linazimwa.

Maiti kadhaa wanapiga makofi. Pan Dehai anashughulika sana na kamba ya kiatu chake.

Habari nyingine anapewa na fundi wa sauti, kijana mpole aitwaye Ji Tinghe, anayemvua kipaza sauti kilichofichwa kwenye ukosi.

"Shangazi, usihofu kuhusu lafudhi," Ji anamwambia, akidhani anamfariji. "Sauti zote zitatiwa upya Beijing. Kuna mama mmoja huko, sauti yake safi kabisa."

Suzhen anamgeukia. Maji yanamchuruzika kidevuni.

"Zote?"

"Maneno yote, ndiyo."

"Na kabla ya maneno? Ile pumzi?"

Ji anavaa tena vifaa vyake vya masikioni, anarudisha rekodi nyuma, anasikiliza mara mbili. Ni wazi kwamba hajawahi kuulizwa swali hilo.

"Hiyo itabaki," anasema hatimaye. "Wale wa Beijing hulipwa kwa mistari ya maneno. Hakuna atakayemlipa mtu avute pumzi. Na hii mimi mwenyewe sitaikata, Shangazi. Nakuahidi."

Jioni, akiwa amekaa kitandani katika chumba anachokodi, nywele zikiwa bado mbichi, Suzhen anapiga simu Dingxi. Anaweka simu juu ya goti na kuiacha ipaze sauti, maana hana la kuficha. Upande wa pili unasikika unga ukipigwa mezani.

"Baba Ruixue, leo nimesema."

Kishindo cha unga kinakoma. "Umesema nini?"

Anamwambia maneno yote, na jinsi yalivyokuja. Anamwambia pia habari ya Beijing, ingawa angeweza kuiacha. Tamthilia haitaonyeshwa kabla ya mwakani, ikipata mnunuzi, na mumewe asingejua.

"Sasa," anasema Wanshan polepole, "kama sauti ni ya mwanamke mwingine, hujasema."

"Mdomo ni wangu."

"Mdomo wako naujua, Mama Ruixue. Hauhitaji televisheni."

"Na pumzi ni yangu. Kabla ya neno la kwanza. Fundi ameahidi hataigusa."

"Pumzi tu?"

"Sikiliza." Suzhen ananyoosha mgongo, anatazama ukutani mahali ambapo binti mfalme angekuwa amepiga magoti, anavuta pumzi ile.

Huko dukani mteja mmoja anasikika akiulizia bakuli lake.

"Hiyo naijua," anasema Wanshan. "Ndiyo ile unayovuta ukitaka kunigombeza."

"Ndiyo hiyohiyo."

"Miaka ishirini na miwili naisikia. Beijing nzima hawana hiyo." Anakohoa. "Haya. Nimeihesabu. Ila mwaka ujao nataka na neno moja juu yake."

"Moja tu?"

"Usinijaribu. Vyombo vimejaa huku."

Mtihani wa daraja la wasemaji utafanyika mwezi wa tatu, na Suzhen amekwisha kujiandikisha kwa mara ya nne. Kila asubuhi husoma kwa sauti maelezo ya dawa na mabango ya mtaani, na jirani yake, mwalimu mstaafu asiye na huruma, humsahihisha kupitia ukuta. Kesho hana kazi. Keshokutwa Pan Dehai, ambaye ameapa mara mbili kwamba hatamsaidia tena, amemtafutia nafasi katika tamthilia nyingine, huko bonde la kusini.

Akiulizwa ni neno gani angependa liwe la kwanza kusikika kwa sauti yake mwenyewe, anafikiri muda mrefu kuliko alivyofikiri kabla ya kugeuka pale ngazini.

"Lolote," anajibu. "Hata 'chai iko tayari'. Mradi anayelisema awe hai kesho yake."