Pumzi Kando ya Kaburi la Baba

Mpaka leo nikimwona yule mzee wa kanisa anapita na baiskeli yake kuelekea senta, damu inanichemka. Nasema wazi, sina haja ya kuficha.

Kisa chenyewe ni kupumua. Ndiyo, kupumua tu! Presha ilikuwa imenipanda, moyo unadunda hadi nashindwa kufundisha. Muuguzi mmoja wa hospitali kule Rubwera, mbali na vidonge alivyonipa, akanielekeza: kila asubuhi tafuta mahali patulivu, kaa, fumba macho, fuata pumzi inavyoingia na kutoka. Hakunitajia Mungu wala shetani. Ilikuwa dawa kama dawa nyingine.

Sasa patulivu kwetu Isingiro utapapata wapi? Ndani mama yangu mgonjwa anakohoa, uani mbuzi, barabarani bodaboda. Patulivu ni katikati ya kibanja, chini ya migomba, na huko ndiko tunakozika watu wetu. Kaburi la baba limesakafiwa kwa saruji, siafu hawapandi. Nikawa nakaa ukingoni mwake. Haukupita muda moyo ukatulia, nikaanza kulala.

Wapita njia wakaona mwanamke kafumba macho kaburini asubuhi na mapema. Loo! Ikawa natambika. Ikawa nimerudia mizimu. Na wasemaji wenyewe nawajua: wakiuguliwa wanapeleka kuku kwa mganga, Jumapili unawakuta kwenye kwaya wamevaa majoho.

Mzee wa kanisa akaja. Mimi hakuniuliza neno. Alikwenda moja kwa moja kitandani kwa mama, ambaye hatembei tena na chakula cha Bwana huletewa nyumbani. Akamwambia mama kwamba mchungaji hatakileta kwenye nyumba ya watambikaji mpaka nitubu mbele ya usharika. Mama hana kingine anachokingojea hapa duniani.

"Mzee, ni mazoezi ya hospitali," nikasema.

"Lisemwalo lipo, mwalimu."

"Lipo wapi? Nakaa pale kwa sababu ni pakavu! Naapa mbele ya mama yangu, sijawahi kumsemesha baba pale. Hata kumfikiria simfikirii. Nafuata pumzi, basi!"

Nilipiga kelele mpaka majirani wakasogea. Mzee akanitazama, akaokota kofia yake, akasema kama ni hivyo atamweleza mchungaji.

Kesho yake mchungaji akaja, mama akapokea mkate na divai. Nilitaka kupiga vigelegele. Nimewaweza!

Walipoondoka nikamkuta mama amegeukia ukuta.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilijua unakwenda kumsalimia. Nilikuwa nalala hapa nafurahi kwamba yupo wa kumsalimia. Kumbe siku zote hizo unamkalia baba yako bila hata salamu?"

Hasira ikanipanda, nikakosa wa kumrushia. Nimgombeze mgonjwa? Nikatoka nje nikaupiga mlango.

Asubuhi nikaenda tena. Nikafumba macho, pumzi ikakataa kufuatika.

"Shikamoo, baba," nikasema kwa sauti, halafu nikageuka haraka kutazama njiani kama kuna mtu amenisikia.